Masta Usiinunue Kwanza

Swahiba wangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Gari linavuta kushoto, gurudumu la mbele linachemka, ukilipumzisha nusu saa linakuwa zima kama halijawahi kuugua. Yalinikuta hayohayo, na pesa nikazimwaga bure. Kwa hiyo nakusihi, masta silinda, ile pampu inayosukuma mafuta ya breki ukikanyaga pedali, usiinunue kwanza. Masta ikigoma kurudisha mafuta, kwa kawaida hukamata zaidi ya gurudumu moja.

Mimi nilibadilisha silinda ya gurudumu, ile ndogo inayosukuma brekishuu, mara mbili, na springi za kuzirudisha brekishuu juu yake. Kumbe mchawi ni ule mpira mfupi unaotoka kwenye bomba la chuma kwenda gurudumuni! Kwa nje haukuwa hata na ufa. Ndani ulikuwa umevimba. Mguu una nguvu ya kuyasukuma mafuta yapite, springi hazina nguvu ya kuyarudisha. Yanabaki yamebanwa, brekishuu zinasugua dramu, lile bakuli la chuma linalozunguka na gurudumu, kisha yanachuruzika kurudi polepole, nawe unadhani gari limepona.

Liendeshe mpaka lishike, kisha lipige jeki. Gurudumu likiwa gumu, legeza nati ya bomba la chuma pale linapoingia kwenye mpira. Likiachia hapo, kosa liko juu, upande wa masta. Lisipoachia, legeza nati ya kutolea upepo kwenye silinda ya gurudumu. Likiachia sasa, mpira ndio uliobana. Likikataa kote, fungua dramu utafute pistoni iliyoganda kwa kutu. Vumbi la humo usilipulize hata kidogo, linaini za zamani, yale mavazi ya brekishuu yanayosugua, zilikuwa na asbesto, nayo ni sumu ya mapafu. Lifute kwa kitambaa kibichi.

Mpira ukibadilisha, badilisha na wa kulia, ni pacha wa umri mmoja. Mafuta weka mapya kabisa, maana ya breki hunywa maji: DOT 4, aina mojawapo ya mafuta hayo, ikiwa mpya huchemka kuanzia 230°C, ikishalowa kiwango chake hushuka hadi 155°C. Halafu kumbuka gari lako ni la 1964, njia ya mafuta ni moja tu. Ikipasuka popote, magurudumu yote manne hayana breki. Mabomba ya chuma yapapase yote kabla hujatoa upepo.

Ukishamaliza, kanyaga pedali uishikilie. Ikizama taratibu na hakuna panapovuja, hapo ndipo niandikie habari za masta.

Wasalimie nyumbani.

Mwenzio wa spana