Shukrani kwa Mwalimu Aliyemsaidia Binti Yangu

Namshukuru kwa dhati mwalimu mstaafu ambaye, binti yangu alipokuwa akitatizwa na kugeuza usemi halisi wa Kiingereza kuwa usemi wa taarifa, alijitolea kumfundisha bila malipo. Kabla ya kanuni yoyote alimtaka atambue nani anasema, anamwambia nani na lini, ndipo akamwonyesha kwamba kitenzi cha kuripoti kikiwa katika wakati uliopita, "will" kwa kawaida huwa "would" na "tomorrow" huwa "the next day". Kwenye maswali alikawia zaidi, hadi binti akazoea kutumia "if" kwa maswali ya ndiyo au hapana na kurudisha kiima kabla ya kitenzi. Nililolithamini kuliko yote ni kumweleza kwamba ukweli wa kudumu waweza kubaki katika wakati uliopo. Wenye ujuzi huo, tafadhali msaidieni walau mwanafunzi mmoja.