Muziki usio na maneno nao hufumba

Mhariri,

Msomaji mmoja aliandika katika ukurasa huu kwamba muziki wa okestra za Ulaya hauna maneno, kwa hiyo hauna la kumwambia mtu. Nami niliamini hivyo hivyo mpaka mwezi uliopita, mwenzangu wa kazini aliponipa tiketi aliyokosa nafasi ya kuitumia.

Nilipanda basi kutoka Vienna hadi Eisenstadt, mji mdogo ambao ukiuzunguka kwa miguu asubuhi, adhuhuri umeshaumaliza. Onyesho lilikuwa katika kasri la akina Esterházy, ukoo wa watawala matajiri, waliomwajiri mtunzi wa muziki Joseph Haydn mwaka 1761. Mwajiriwa hasa: mkataba ulimtaka avae sare na soksi nyeupe, na kila siku aende kuuliza kama bwana mkubwa anataka muziki.

Okestra yenyewe ilikuwa ndogo, watu hawafiki thelathini. Sehemu ya kwanza ya utungo ilipokwisha nikapiga makofi, peke yangu, ukumbi mzima kimya. Kumbe husubiriwa mpaka zote ziishe! Mimi mtoto wa Ng'ambo, Unguja, nimezoea watu kuinuka katikati ya wimbo wakamtunze mwimbaji.

Mwisho wakapiga simfoni ya 45 ya Haydn; simfoni ni utungo mrefu wa okestra wenye sehemu kadhaa. Kisa chake ni cha mwaka 1772. Bwana Nikolaus, mkuu wa ukoo huo wa Esterházy, alikuwa na kasri jingine upande wa pili wa ziwa, leo ni Hungaria, na mwaka ule aliwazuia wanamuziki huko kupita muda wao, ilhali wake zao wamebaki Eisenstadt. Kumwambia usoni, nani athubutu? Haydn akatunga mwisho ambao wapigaji wanaondoka mmoja mmoja, kila anayemaliza anazima mshumaa wake. Usiku ule mbele yangu walizima vitaa vya kusomea nota. Baragumu zikaenda, besi likaenda, selo ikaenda, zikabaki fidla mbili zikinong'onezana gizani.

Fumbo mfumbe mjinga, mwerevu huligangua. Inasimuliwa kwamba kesho yake Nikolaus aliamuru watu wafunge mizigo. Sasa huyo msomaji wetu aniambie ni mpasho gani wa taarabu uliofika haraka hivyo.

Mimi nafanya kazi jikoni hotelini, na likizo yangu ya kuja nyumbani imeahirishwa mara mbili. Jumatatu iliyofuata nilizima taa ya stoo, nikapita polepole mbele ya msimamizi. Akaniita nirudi niiwashe.

Msomaji wenu,
Vienna, Austria