Risala ya Wafanyabiashara wa Barabara Kuu ya Ujiji kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Wilaya ya Kigoma,
Waheshimiwa Madiwani, Watendaji wa Kata na Wenyeviti wa Mitaa,
Masheikh wetu, wachungaji na wazee wa mji,
Ndugu wanakikundi, mabibi na mabwana,

Assalaam aleykum. Bwana Yesu asifiwe.

Sisi wenye maduka, vibanda, vyerehani na meza za samaki wa barabara kuu ya Ujiji tunakushukuru kwa kuja kuketi nasi chini ya mwembe, tuzungumze juu ya kujengwa upya kwa barabara hii. Umeshuka garini kule kona, ukatembea kwa miguu hadi hapa huku ukiamkiana na watu mlango kwa mlango. Umetupa heshima kubwa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, njia hii uliyoikanyaga ni ya zamani kuliko lami yake. Hapa ndipo ilipoishia njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Tabora, ikafika Ziwa Tanganyika. Wapagazi walitembea miezi kadhaa wakiwa na vitambaa na shanga vichwani, wakarudi pwani na pembe za ndovu. Watu nao walifanywa bidhaa. Wengi wetu hapa ni Wamanyema. Wazee wetu walivushwa kutoka ng'ambo ya ziwa, wengine kama wapagazi, wengine wakiwa na minyororo shingoni. Waliobaki Ujiji walijenga, wakaswali, wakavua, wakalea watoto kwa Kiswahili. Tukisema mji wa kale, kwanza tunawasema hao.

Wapelelezi wa Kiingereza, Burton na Speke, walifika mwaka 1858. Mwaka 1871 mwandishi wa habari Stanley akamkuta mmisionari Livingstone hapa hapa, na mnara wa kumbukumbu upo. Lakini mgeni anayekuja kuuona huuliza njia, hupiga picha, kisha hupanda gari akarudi Kigoma mjini. Barabarani kwetu hanunui hata chungwa. Hatumlaumu, maana hakuna kibao kinachomwonyesha baraza ya zamani, wala kivuli cha kumfanya asimame.

Wazee husema Ujiji ilipitwa. Reli ya Kati ilipofika ziwani mwaka 1914, haikuja kwetu. Ghuba ya Kigoma ina kina na imekingwa na upepo, meli kubwa zinaweza kutia nanga. Ufuko wetu ni wa maji mafupi, unafaa mitumbwi. Basi stesheni ikajengwa Kigoma, bandari ikawa Kigoma, na ofisi zikafuata. Ujiji, iliyokuwa mji mkubwa wa ziwa hili, ikawa mahali pa kulala watu wanaokwenda kufanya kazi kwingine. Hata leo asubuhi daladala zinajaa kuelekea eneo la Mwanga na Kigoma mjini, na jioni ndipo zinaturudishia watoto wetu.

Tunayakumbusha haya kwa sababu reli nyingine inakuja. Mkataba wa reli ya kisasa kutoka Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ulisainiwa Desemba 2022. Itakuja na wageni na mizigo ya Kongo na Burundi. Safari hii tunataka itukute tumejiandaa, na maandalizi yetu ni barabara hii.

Mheshimiwa, tunaunga mkono kuijenga upya. Tulipopata lami vumbi lilipungua na bodaboda wakaongezeka. Ila kuna jambo lilituumiza. Mtaro ulichimbwa mbele ya maduka yetu, mkandarasi akaondoka, ukabaki wazi. Kila mwenye duka alitafuta ubao wake wa kuvukia. Mama mmoja mzee, mteja wetu wa miaka mingi wa mawese, aliteleza kwenye ubao huo akavunjika mkono, na tangu siku ile hajarudi kununua kwetu. Kwenye mchoro kifuniko cha mtaro huonekana kitu kidogo. Kwetu ndicho kinachomfikisha mteja dukani.

Kwa hiyo tunaomba mitaro ifunikwe kabla mkandarasi hajalipwa malipo ya mwisho. Tunaomba miembe isikatwe. Wapima barabara wakikuta mwembe, waukwepe. Miembe ndiyo alama ya njia ya misafara, na mwembe mkubwa haupatikani kwa mwaka mmoja. Nyumba za zamani zenye baraza mbele, hata zile zilizochoka, zipigwe picha na kuandikwa kabla ya mwenyewe kushawishiwa kuzibomoa. Na taa ziwekwe hadi mwaloni, maana dagaa hushushwa alfajiri, na wanawake ndio wanaotangulia kwenda gizani.

Ombi tunaloliwekea mkazo zaidi ni la akina mama wa samaki na mawese. Kila unapotajwa usafi wa mji, wao ndio huambiwa wahamie mbali. Wapeni meza zenye paa na maji hapa hapa barabarani. Mgebuka, samaki wetu wa ziwani, usiouzwa kufikia saa sita mchana ni hasara, na mteja hatembei kilomita mbili kuutafuta. Ukiwaondoa wao, barabara itakuwa safi na tupu.

Sisi wenyewe hatujakaa kusubiri. Kila Ijumaa asubuhi tunafagia kuanzia kona hadi msikitini, tunachangia gari la taka, na vijana wetu wa vyerehani wanafundisha wenzao bila ada. Tuko tayari kukaa na wataalamu wa Manispaa kabla mchoro haujakamilika, tuwaonyeshe maji ya masika yanapopita. Tunayajua, yanaingia madukani mwetu.

Mheshimiwa, akina mama wamekuandalia ugali wa muhogo na migebuka ya leo alfajiri. Baada ya chakula wazee watakutembeza hadi ziwani, wakuonyeshe maji yalipokuwa yakifika zamani na mitumbwi inayochongwa sasa.

Tunaomba kuwasilisha.

Imesomwa na Katibu, kwa niaba ya wanakikundi.