Mabwawa yetu yapewe ndago na mikuyu, si mialoni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasihi wenye mabwawa ya samaki na malambo ya umwagiliaji hapa Moshi, hasa katika tambarare ya kuanzia Rau hadi Kahe, wasiharakishe kuagiza miche ya mialoni (ile miti ya kigeni iitwayo “oak” kwa Kiingereza) kwa matumaini kwamba bata mwitu wataifuata. Nia yao ya kuwarudisha ndege hao naiunga mkono kwa moyo wote, lakini mti wanaoutegemea hauna msaada kwa bata wa huku.

Huko Marekani jambo hili lina ukweli. Katika misitu inayofurika ya bonde la mto Mississippi, bata humeza mbegu za mwaloni nzima nzima na kuziachia firigisi kazi ya kuzisaga. Tangu miaka ya 1930, wenye ardhi karibu na mji wa Stuttgart, jimbo la Arkansas, wamekuwa wakizungushia misitu hiyo matuta na kuingiza maji ya kina kifupi majira ya baridi, kisha kuyatoa kabla miti haijachipua, kwa sababu maji yakituama wakati mti unakua, mizizi hukosa hewa na mti hufa. Utaratibu wote huo unategemea baridi inayoupumzisha mti, pamoja na subira ya miaka mingi kabla mwaloni haujaanza kuzaa vya kutosha. Kwetu maji hujaa wakati wa masika, yaani wakati uleule miti inapokua kwa kasi.

Bata wetu wana chakula chao. Wale wenye uso mweupe, wanaopiga mluzi wakiruka, hula mbegu za nyasi na za mayungiyungi, pamoja na konokono na wadudu wa majini. Anayepita alfajiri kando ya majaruba atawaona wamejikusanya kwenye ile kona isiyopaliliwa, wakichuja tope kwa midomo katikati ya ndago. Inasikitisha kuona mtu akifyeka ndago na matete yote, akisakafia kingo za bwawa lake kwa saruji, halafu akatafuta mti wa kigeni wa kumletea bata. (Wakulima wa mpunga wana haki ya kulalamika kwamba bata hawa hula mpunga pia, kwa hiyo kona hiyo iachwe mbali na vitalu vya miche.)

Miti inahitajika, tena sana, ila zaidi kwa ajili ya viota. Yule bata mkubwa ambaye dume lake lina nundu juu ya mdomo hutaga katika mapango ya miti mizee, na mti mchanga, hata uwe wa aina gani, hauna pango. Ndiyo maana mkuyu mzee uliooza tawi moja, ambao wengi huuona kuni tu, una thamani kuliko miche mia ya kununua. Anayetaka kupanda apande mkuyu: huota kwa vipandikizi, hustahimili unyevu wa kingoni, na matunda yake hulisha njiwa na hondohondo. Mikaratusi isisogezwe kabisa karibu na chemchemi, kwa kuwa hunywa maji mengi mno.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito, mabwawa na vyanzo vingine vya maji. Naiomba Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, ambayo ofisi zake ziko hapahapa Moshi, ishirikiane na serikali za vijiji kuweka alama za mipaka hiyo kabla ya masika, na halmashauri zioteshe miche ya mikuyu katika vitalu vyake badala ya kugawa mikaratusi kwa watu wanaoishi kando ya maji.

Wako,
Mkazi wa Moshi