Kinyama kisitupwe, ndo kipimo chenyewe

Mhariri,

Naona watu wanashea sana hii habari ya kipimo cha damu kinachosoma DNA ya uvimbe, na kwa vile mi ni mtu wa maabara basi simu haipoi, kila mtu anauliza kinapimwa wapi na shi ngapi. Jamani, kwa sarkoma, yani hizi kansa za misuli, mafuta na mishipa, sio kipimo cha kumchukua mtu mzima wa afya ukamtafutia kansa. Hiki ni cha kumfuatilia mgonjwa ambaye keshajulikana, keshafanyiwa opereshen au yuko kwenye dawa za kansa (kimo), daktari anataka kujua ugonjwa unarudi au la. Seli za kansa zikifa zinaachia vipande vya DNA kwenye damu na mwili unavisafisha ndani ya masaa tu, kwa hiyo ukivikuta leo ujue kuna uvimbe unaovimwaga leo hii.

Ila lazima ujue unatafuta nini. Sarkoma ziko aina zaidi ya 50, sinovio sarkoma ina jeni mbili zilizoungana, SS18 na SSX, hiyo unaiwinda vizuri, lakini leiomiosarkoma haina alama moja ya hivyo, ni kromosomu zimevurugika tu. Na alama ya mgonjwa mara nyingi unaipata kwanza kwenye kinyama chake, yani kile kipande kilichokatwa kwenye uvimbe.

Sasa huku kwetu mtu ana uvimbe pajani saizi ya embe, unakua kila mwezi, anaambiwa ni mafuta tu hayo, ganzi, wembe, nyama kwenye ndoo! Uvimbe umezidi sentimita 5, tena uko ndani ya msuli, unaukataje bila picha na bila kupeleka kinyama patholojia, maabara inayokikagua kwa darubini? Ukirudi, utalinganisha damu na nini?

Na damu yenyewe ina mambo yake, kwenye chupa ya kawaida ya kifuniko cha zambarau isipospiniwa mapema, yani kuzungushwa kwenye mashine itenganishe seli na maji ya damu, seli nyeupe zinapasuka zinamwaga DNA zao, ile kidogo ya kansa inamezwa. Majibu yakija safi pia usitupe karatasi ya siti skani ya kifua, sarkoma inapenda mapafu na kauvimbe kadogo kanaweza kasionekane kwenye damu kabisa.

Waandishi wenu wakipita vituoni waulize kitu kimoja tu, formalini, ile dawa ya kuhifadhi kinyama kisioze, ipo?

Mtu wa maabara,
Mwanza