Barua ya wazi kwa Msajili: chenga zangu zinajaza pishi

Ndugu Msajili,

Salamu. Barua za Kiingereza kuhusu kozi zangu nne ambazo chuo chako kinataka nirudie nimeshakuandikia mbili, ya kwanza Machi, ya pili Mei, na zote zilijibiwa na mashine: ombi lako limepokelewa, tafadhali usijibu ujumbe huu. Hii ya tatu naiandika kwa Kiswahili na naiweka hadharani, kwa kuwa tuko wengi hapa Dallas tunaolala mchana na kusoma jioni, nataka na wenzangu waisome. Wewe ukitaka kujua nimesema nini, wakalimani wa simu wapo. Ndio hao hao tunaowapigia sisi kazini mgonjwa asipojua Kiingereza. Jina la chuo silitaji. Unajijua.

Mimi ni msaidizi wa wauguzi katika nyumba ya wazee, zamu ya usiku. Masomo niliyaanzia Kent, kusini mwa Seattle, kwenye chuo cha jamii, nia yangu ikiwa kuwa muuguzi kamili. Jimbo la Washington lina vyuo vya jamii na vya ufundi 34, na mwaka wa masomo huko huendeshwa kwa robo: robo ya vuli, ya baridi, ya masika, na ya kiangazi kwa anayeitaka. Robo moja ni wiki 10 za masomo, ukichanganya na mitihani zinafika 11. Nilimaliza kozi 12, kila moja ya krediti 5 (krediti ndiyo kipimo cha uzito wa kozi), jumla 60. Kisha kodi ya nyumba ikatushinda, mume wangu akapata kazi ya ghala huku Texas, tukapakia gari tukahama.

Hesabu yenu ya kubadilisha krediti naijua, na sina ugomvi nayo. Nyie mwaka mnauendesha kwa semista mbili za wiki 15, na krediti moja ya robo ni theluthi mbili ya krediti ya semista. Ndiyo maana shahada inayohitaji 180 kwao, kwenu inahitaji 120. Hata mwanafunzi wa muda wote, ambaye kwa mkopo na ruzuku za serikali huhesabiwa kuanzia krediti 12 pande zote mbili, mwisho wa mwaka mambo yanalingana: robo tatu za 12 ni 36, theluthi mbili yake ni 24, semista mbili za 12 nazo ni 24. Mwaka mzima haupotezi hata punje. Krediti zangu 60 zikawa 40, na karatasi yenu ya tathmini imeandika hivyo hivyo: zimepokelewa 40.

Nilipoiona hiyo 40 nilifurahi, nikampigia mama Pangani. Sikujua kwamba kupokelewa ni neno moja na kuhesabiwa ni neno jingine.

Siku ya pili nilikwenda dirishani kwenu. Kijana aliyenihudumia ni mpole, simlaumu hata kidogo. Aligeuza kioo cha kompyuta nikione. Kozi zangu zilikuwa zimepangwa mstari kwa mstari, na kila mstari una namba ile ile: 3.33, 3.33, 3.33, mara kumi na mbili. Mistari minane ilikuwa na alama ya kijani. Minne ilikuwa na nyekundu: Anatomia na Fiziolojia ya kwanza, ya pili, Maikrobiolojia na Kemia. Akanieleza kwamba kozi hizo nne kwenu ni za krediti 4 kila moja, na mimi nina 3.33, kwa hiyo hazijafika. Nirudie. Zote nne.

Nilimuuliza, nimepungukiwa kiasi gani? Akabonyeza kikokotoo chake: 0.67 kwa kila kozi, jumla 2.67. Na kurudia ni krediti ngapi? Akanyamaza kidogo. Kumi na sita.

Nilirudi nyumbani na karatasi ile nikaiweka mezani. Kabla ya zamu nikachukua kalamu. Zile kozi nane zenye kijani, yaani Kiingereza mbili, Saikolojia mbili, Sosholojia, Takwimu, Lishe na Historia ya Marekani, kwenu ni za krediti 3 kila moja. Kila moja nimeleta 3.33. Kwa hiyo kila moja imebakiza 0.33, na mfumo wenu umeikusanya hiyo salio na kuitupa kwenye kapu linaloitwa masomo ya hiari. Mara nane theluthi moja ni ngapi, Ndugu Msajili? Ni 2.67.

Ile ile. Nilirudia hesabu mara tatu nikidhani nimekosea. Kozi nane za 3 ni 24, kozi nne za 4 ni 16, jumla 40. Nilicholeta ni 40. Mnachodai kwa kozi hizo 12 ni 40. Sidaiwi hata senti, ila nimeambiwa nirudie krediti 16.

Marehemu bibi yangu alikuwa na genge pale Pangani, akipimia kwa kibaba cha bati, na vibaba vinne ndio pishi. Mchele ukishapimwa, chenga zinazobaki kwenye mkeka hazikuwa takataka. Zilirudi guniani, na akija mwenye kibaba kilichopungua, hujaziwa kutoka hapo hapo. Nyie mmezifagia chenga zangu kwenye kona, mkanigeukia mkaniambia pishi halijajaa.

Najua utaniambia krediti si mchele, kwamba krediti ni saa za darasani na hasa za maabara, na muuguzi hatakiwi kubahatisha. Nakubali. Tuzungumze basi kuhusu saa. Anatomia niliyosoma Kent ilikuwa na mihadhara ya saa 4 kwa wiki, kwa wiki 11: saa 44. Yenu, kwa mujibu wa silabasi iliyo kwenye tovuti yenu, ni saa 3 kwa wiki 15: saa 45. Tofauti ni saa moja. Maabara yenu ni ndefu kuliko yetu, hilo silifichi, na kama mkuu wa idara ataona inanibidi nifanye mazoezi ya ziada ya maabara, nitakuja, hata Jumamosi. Lakini yaliyomo ni yale yale, kuanzia seli mpaka mfumo wa uzazi, na yanagawanywa sehemu mbili karibu pale pale. Mifupa 8 ya kifundo cha mkono niliikariri saa tisa usiku kwenye chumba cha mapumziko, nikijibonyeza mkono wangu mwenyewe, skafoidi, lunati, trikwetramu, mpaka mwenzangu Mkongo akaanza kuitaja pamoja nami. Mifupa hiyo haiongezeki mtu akivuka kuingia Texas.

Kinachonishangaza ni kwamba tatizo hili vyuo vikuu vya Marekani vinalijua miaka mingi, kwa sababu vyenyewe vimelipitia. Mwaka wa robo nne ulipangwa na William Rainey Harper alipokianzisha Chuo Kikuu cha Chicago, kilichofungua milango 1892, na baadaye vyuo vingi vikaufuata. Kisha vikaanza kurudi kwenye semista. Vyuo vikuu vingi vya umma vya Georgia vilihama 1998, Chuo Kikuu cha Minnesota 1999, na vya Ohio vilivyokuwa bado kwenye robo vikahama kwa pamoja 2012. Fikiria maelfu ya wanafunzi waliolala na krediti 5 za robo wakaamka na 3.33 za semista. Je, waliambiwa warudie Anatomia? Huko Ohio washauri waliketi na wanafunzi kupanga njia ya kila mmoja, na zikatungwa kozi za mpito kwa waliokuwa katikati ya mfululizo wa kozi zinazofuatana. Chuo kikihama, mwanafunzi anabebwa. Mwanafunzi akihama mwenyewe, anaachiwa mzigo wote kichwani.

Mfumo wa namba za kozi nao haunisaidii. Kule Washington kozi iliyo na alama ya & kwenye jina lake inatambulika katika vyuo vyote vya jamii vya jimbo, na zangu zote nne zinayo. Hapa Texas mna namba zenu za pamoja, na tarakimu ya pili ya namba ndiyo inayotaja krediti: Anatomia ni 2401, hiyo 4 imekaa ndani ya jina. Kwa hiyo kompyuta ikiona 3.33 inakataa hata kabla ya mtu kusoma silabasi. Silabasi zangu nimezituma mara mbili. Sina ushahidi kwamba zimefunguliwa.

Niseme neno na wenzangu mnaosoma hapa, Msajili atanivumilia. Kama uko kwenye robo na unafikiria kuhama jimbo, usihame katikati ya mfululizo. Mtoto wa dada yangu alisoma Kalkulasi mbili kati ya tatu. Robo tatu za Kalkulasi ni sawa na semista mbili, kwa hiyo alikuwa na semista moja na theluthi. Ile moja aliipata, theluthi ikaenda na maji, akaanza ya pili upya, na wiki tano za mwanzo alikuwa akisinzia kwa sababu alishazisoma. Kama huhami kutoka Washington, maliza ile shahada ya miaka miwili ya krediti 90 ambayo ina makubaliano ya kuhamia vyuo vikuu vya humo. Inabebwa nzima, haipimwi kozi kwa kozi. Na silabasi zitunzeni, hasa za sayansi. Mimi nilizipata kwa sababu mwalimu wangu wa maabara alikuwa bado anajibu barua pepe zangu.

Sasa nirudi kwako. Sikuombi unipe kitu ambacho sikukisomea. Siasa za Texas nitasoma kama sheria ya hapa inavyotaka, na Historia ya Marekani iliyobaki pia. Naomba mtu wa idara ya baiolojia na mwenzake wa kemia wafungue silabasi hizi nne, waseme kama yaliyomo yanalingana. Wakisema ndiyo, sharti la kozi lihesabiwe limetimia, na upungufu wa 2.67 ujazwe kutoka kwenye 2.67 yangu iliyolala kwenye masomo ya hiari. Jumla ya shahada haipungui hata moja. Vipo vyuo vilivyoandika wazi kwamba kozi iliyopoteza sehemu ya krediti kwa kubadilishwa kutoka robo inatimiza sharti ikiwa maudhui ni sawa. Sentensi moja kwenye kitabu cha kanuni zenu ingetosha. Na kama jibu litakuwa hapana, basi liandikwe kwenye ukurasa wa maombi, mtu alisome kabla ya kulipa ada ya kujiunga. Mimi nililijua baada ya kulipa.

Kwangu kozi nne hizo maana yake ni semista mbili za kufanya zamu sita kwa wiki badala ya nne. Na ruzuku ya Pell, ile ya serikali kwa wanafunzi wa kipato kidogo, ina kikomo cha maisha, sawa na semista 12. Kila semista ninayorudia niliyokwisha kufaulu inakatwa humo.

Usajili wa vuli unafungwa Agosti. Silabasi nimeziambatanisha tena, mara ya tatu, pamoja na karatasi yangu ya hesabu. Natoka kazini saa moja asubuhi. Ukiamua kupiga simu, nakuomba upige kabla ya saa tatu, baada ya hapo huwa nimelala.

Mwanafunzi wako, kama utanipokea,
Dallas, Texas