Risala ya Klabu ya Sayansi kwa Mgeni Rasmi: RNA Ndogo na Saratani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwalimu Mkuu, walimu wetu, wazazi na walezi, wanafunzi wenzetu,

Tunakukaribisha kwa furaha na kukushukuru kwa kukubali mwaliko wetu. Kwa kuwa wewe ni daktari bingwa wa patholojia, hatutathubutu kukufundisha saratani ni nini. Tunaomba tu kukueleza kile kilichotunyima usingizi mwaka huu.

Mheshimiwa, tumekuwa tukisoma kuhusu maikroRNA, yaani RNA (molekuli jamaa ya DNA) fupi zenye nyukliotidi, yaani viungo vya mnyororo wake, 22 hivi, ambazo zenyewe hazitengenezi protini yoyote. Kazi yake ni kuzuia. Hujipachika kwenye protini iitwayo Agonauti, ikatafuta RNA mjumbe, yaani ile inayobeba maagizo ya kutengeneza protini, yenye mfuatano unaooana nayo, ikaing'ang'ania. Mjumbe huyo ama hasomwi, ama anaharibiwa kabisa, na protini iliyokuwa itengenezwe inapungua.

Habari hii ilianzia kwa mnyoo wa milimita 1. Victor Ambros na Gary Ruvkun walionyesha mwaka 1993 kwamba jeni ya mnyoo huyo iitwayo lin-4 hutoa RNA fupi inayoidhibiti jeni nyingine, lin-14. Wengi walidhani hayo ni ya mnyoo na yataishia kwa mnyoo. Mwaka 2000 kundi la Ruvkun likaitangaza let-7, ambayo imo hata kwa binadamu, na dharau ikaisha. Nobel yao ilikuja mwaka 2024.

Saratani iliingia mwaka 2002. George Calin, Carlo Croce na wenzao nchini Marekani walikuwa wakiisaka jeni iliyomo katika kipande cha kromosomu ya 13, kipande ambacho hupotea kwa zaidi ya nusu ya wagonjwa wa lukemia sugu ya limfosaiti, aina ya saratani ya damu. Jeni za protini walizozichunguza hapo hazikuwa na hatia. Walichokikuta ni maikroRNA mbili, miR-15 na miR-16. Miaka mitatu baadaye ikabainika kwamba mbili hizo huizuia BCL2, protini inayozikinga seli zisife. Zikipotea, BCL2 hujaa, na seli iliyostahili kufa inaendelea kuishi. Hapo hakuna aliyekanyaga mafuta; breki ndizo zilizokatika.

Let-7 nayo huzuia RAS, protini inayochochea seli kukua na kugawanyika, na katika saratani nyingi za mapafu hupungua. Lakini si zote ni walinzi. Mwaka 2010 watafiti walizalisha panya ambao miR-21 yao ilizidishwa makusudi, wakapata limfoma, yaani saratani ya mfumo wa limfu. Ilipozimwa, uvimbe ukanywea. Siku tuliyosoma hayo kengele ya kwenda nyumbani ililia tukiwa bado tunabishana: iweje uvimbe mzima utegemee kitu kidogo namna hiyo?

Mheshimiwa, ubishi wetu mkubwa ulikuwa juu ya dawa. Mwaka 2013 ilianza kujaribiwa kwa wagonjwa dawa iitwayo MRX34, iliyotengenezwa kuiga maikroRNA nyingine, miR-34. Mwaka 2016 jaribio likasimamishwa, kwa sababu baadhi ya wagonjwa walipata athari kali za kinga ya mwili na wengine wakafariki. MaikroRNA moja hugusa jeni nyingi kwa pamoja, na kuifikisha kwenye uvimbe pekee bila kuvuruga kwingine ni kazi ngumu. Kwa hiyo, kwa maoni yetu, wanaotangaza kwamba tiba imepatikana wanakimbilia mbali mno. Sisi tunaona matumaini ya karibu zaidi katika uchunguzi, kwani maikroRNA hustahimili ndani ya damu bila kuoza upesi. Ile ya miR-371 tayari imeonyesha uwezo mkubwa wa kubaini saratani ya korodani kupitia sampuli ya damu.

Changamoto zetu ni za kawaida. Makala nyingi tunazozihitaji zimefungwa kwa malipo, na tunaishia kusoma muhtasari. Darubini tulizonazo zinaonyesha seli, lakini hatujawahi kuona kwa macho yetu slaidi ya uvimbe.

Tuna maombi mawili tu. Tunaomba utufungulie mlango wa maabara yako, hata kwa asubuhi moja, tuone jinsi kipande cha uvimbe kinavyokatwa, kutiwa rangi na kusomwa. Pia, utakaposimama kuzungumza, tunaomba utuambie kama umewahi kupima maikroRNA kwa mgonjwa, na kama jibu lilibadilisha uamuzi wa daktari aliyekuwa akimtibu.

Tunaomba kuwasilisha.